Mchezo na Jina Lake: Wataalamu wa Elimu ya Jamii na Nadharia ya Michezo

Nadharia ya michezo ilizaliwa katika hesabu, ikakulia katika uchumi na mambo ya vita, na ikaingia katika elimu ya jamii kwa kuchelewa. Kitabu cha John von Neumann na Oskar Morgenstern, Theory of Games and Economic Behavior, kilitolewa mwaka 1944. Miaka kumi baadaye Jessie Bernard aliwahimiza wenzake wa elimu ya jamii huko Marekani waitazame nadharia hiyo kama chombo kipya cha kuchunguzia ugomvi wa watu. Mwaka 1959 Fredrik Barth aliitumia kueleza kwa nini wakuu wenye ardhi wa bonde la Swat, miongoni mwa Wapathani, walijigawa katika kambi mbili. Mwaka 1969 Erving Goffman aliandika Strategic Interaction, akautafuta mchezo hata katika macho na kauli za watu wanaoonana uso kwa uso. Na mwaka 1990 James Coleman, katika Foundations of Social Theory, alijaribu kuijenga elimu nzima ya jamii juu ya msingi wa mtu apimaye faida yake. Tangu hapo nadharia hiyo imefika Afrika Mashariki. Imewafikia wafugaji wa Tana, wakulima wa Usangu na wawindaji wa Ziwa Eyasi, na lugha yake yasikika sasa katika mijadala ya shule na ya malisho.

Makala haya hayakusudii kuzihukumu hesabu za nadharia hiyo, kwani hesabu zake ni sahihi. Yanakusudia kuuliza jambo moja ambalo wataalamu wengi wamelipita upesi, nalo ni hili: ni nani aupaye mchezo jina lake, yule achezaye au yule atazamaye? Hoja itakayotetewa ni kwamba jina si pambo la mchezo bali ni sehemu ya kanuni zake, na kwamba mtaalamu aubadilishaye mchezo jina amewapa watu mchezo mwingine pasipo kujua. Ili hoja hiyo isielee hewani, itapimwa mara kwa mara kwa kijiji kimoja, Mkange, katika wilaya ya Bagamoyo. Kijiji hicho kiko kaskazini ya mto Wami, kwenye njia itokayo Mandera na Miono kwenda Saadani. Huko Wazigua wamekaa karibu na Wadoe na Wakwere, na Kiswahili ndicho lugha ya baraza.

Yafaa kuanza na mfano ujulikanao kuliko yote, yaani ule wa wafungwa wawili. Mwaka 1950 Merrill Flood na Melvin Dresher walitunga mchezo wenyewe, na Albert Tucker akautungia kisa. Washitakiwa wawili wamewekwa katika vyumba mbalimbali. Kila mmoja aambiwa kwamba akimtaja mwenziwe, na mwenziwe akanyamaza, yeye ataachiwa huru na mwenziwe atafungwa miaka mingi. Wakitajana wote wawili, wote watafungwa kwa miaka ya kutosha. Wakinyamaza wote, watafungwa kidogo tu. Kila mmoja apigapo hesabu zake aona kwamba kumtaja mwenziwe ni afadhali, lolote atakalofanya yule mwingine. Basi hutajana, na wote huishia pabaya kuliko kama wangalinyamaza. Kisa hiki kimerudiwa katika vitabu vya elimu ya jamii mara zisizohesabika, kikafanywa kielelezo cha kodi, cha migomo ya wafanyakazi, cha uvuvi na cha ushirika.

Mwanafunzi wa lugha hawezi kukosa kuona sharti la kwanza la kisa hicho: wafungwa hawaruhusiwi kusemezana. Kabla ya hesabu kuanza, lugha imekwisha kuondolewa. Ni kweli kwamba baadaye wataalamu wa nadharia waliyarudisha maneno katika baadhi ya michezo yao, walakini waliyarudisha kwa jina la kuyadharau, wakiyaita maneno rahisi, yaani maneno yasiyomgharimu kitu asemaye na kwa hiyo yasiyomfunga. Huenda maneno yakawa hivyo mahali ambapo watu wawili hawajuani wala hawatakutana tena. Lakini kwa watu wasemao kwamba ahadi ni deni, neno lililotamkwa mbele ya mashahidi ni mali iliyokwisha kutolewa, na asemaye amejiwekea rehani heshima yake. Kulihesabu neno hilo kuwa bure ni kuanza uchunguzi kwa kosa.

Baada ya kimya cha wafungwa, linafuata neno lenyewe. Katika Kiswahili cha pwani kucheza si kushindana tu. Mtu hucheza bao, na hapo wataalamu wangefurahi, kwani bao lina safu 4 za mashimo 8, lina kete 64, lina wachezaji wawili, kila kitu ki wazi mbele ya macho yao, na kushinda kwa mmoja ndiko kushindwa kwa mwingine. Lakini mtu hucheza ngoma pia, na ngoma nyingi hazina mshindi. Ziko zilizofanywa za mashindano, kama Beni, ambayo historia yake ilielezwa na Terence Ranger katika kitabu chake cha mwaka 1975; lakini hata huko vyama vilivyoshindana vilihitajiana, maana chama kisicho na mpinzani hakina mtu wa kumwonyesha fahari yake. Mwali naye huchezwa: hufunzwa na kutolewa kwa ngoma, wala hashindani na mtu. Mtu afanyaye mzaha katika kazi huambiwa kwamba anacheza. Na wanawake wa mjini na wa shamba hucheza upatu, hata wengi wao huuita "mchezo" tu, bila kuongeza neno.

Upatu wastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndipo mahali ambapo nadharia ya michezo na lugha ya watu zimekutana bila kupatanishwa na mtu. Tuseme wanawake kumi wamekubaliana kutoa shilingi 10,000 kila mmoja kwa juma, na kila juma mmoja wao apokea mkusanyo wote. Yule apokeaye kwanza amepewa mkopo na wenziwe tisa. Yule apokeaye mwisho amewakopesha wote. Mtaalamu auliza mara moja: kwa nini wa kwanza asichukue fedha akaacha kulipa? Na jibu lake, kwamba watu hao watakutana tena na tena, na ya kwamba atakayekimbia leo hatapokelewa kesho, ni jibu zuri. Tena, laeleza jambo ambalo kila kijumbe alijua kabla ya vitabu: mgeni wa mchezo huwekwa mwisho wa zamu, na yule aliyekwisha kuaminika huwekwa mbele. Kijumbe mwenyewe, akusanyaye fedha na kupanga zamu, ndiye dhamana ya wote. Hapa nadharia imefaulu, na ni haki kulisema jambo hilo waziwazi. Lakini yafaa pia kuuliza kwa nini imefaulu. Imefaulu kwa sababu wachezaji wenyewe waliupa mchezo jina, wakaweka zamu, wakamteua kijumbe na kukubaliana maana ya kukosa. Mtaalamu hakuwabunia mchezo, bali aliukuta.

Hali ni tofauti pale mtaalamu ajapo na mchezo wake mkononi. Kazi kubwa ya namna hiyo ni kitabu Foundations of Human Sociality, kilichohaririwa na Joseph Henrich pamoja na wenziwe na kutolewa mwaka 2004. Ndani yake zimo habari za majaribio yaliyofanywa katika jamii ndogo 15 za nchi 12, na tatu katika jamii hizo ni za Afrika Mashariki: Waorma wa Kenya waliochunguzwa na Jean Ensminger, Wahadza waliochunguzwa na Frank Marlowe, na watu wa Usangu waliochunguzwa na Richard McElreath. Mchezo mkuu uliotumiwa ulikuwa huu. Mtu mmoja apewa kiasi cha fedha, takriban ujira wa siku moja au mbili, naye apendekeza sehemu ya kumpa mtu wa pili asiyemjua. Wa pili akikubali, kila mmoja achukua sehemu yake; akikataa, wote wawili hawapati kitu. Mtu apendaye faida tu angetoa kidogo kabisa, na yule wa pili angekubali chochote kile, kwani kidogo ni bora kuliko kukosa.

Hakuna jamii hata moja iliyofanya hivyo. Wastani wa sehemu iliyotolewa ulikuwa kutoka robo na kidogo kwa Wamachiguenga wa Peru hadi zaidi ya nusu kwa wavuvi wa nyangumi wa Lamalera, Indonesia. Waorma walitoa karibu na nusu. Wakulima na wafugaji wa Usangu walitoa takriban sehemu mbili katika tano. Wahadza walitoa chini ya hapo, nao walikataa mara nyingi. Matokeo hayo ni ya thamani kubwa, maana yaliwanyima waandishi wengi raha ya kudhani kwamba mtu wa vitabu vya uchumi yuko kila mahali. Wahariri waliyaeleza kwa mambo mawili: kadiri watu wanavyohusika na soko, na kadiri wanavyozoea kufanya kazi kwa ushirika na wasio jamaa zao, ndivyo wanavyogawa kwa usawa zaidi.

Maelezo hayo si mabaya, lakini yamepita juu ya jambo lililo muhimu kuliko yote, ambalo limo ndani ya kitabu hichohicho. Ensminger aliwapa Waorma mchezo mwingine, ambao kila mtu huweka kiasi atakacho katika mfuko wa wote, mfuko ukaongezwa maradufu, kisha ukagawanywa sawasawa kwa wote, waliotoa na wasiotoa. Waorma hawakukawia. Walisema kwamba huo ni mchezo wa harambee. Neno hilo, ambalo Jomo Kenyatta alilifanya mwito wa taifa tangu mwaka 1963, lilikuwa kwao jina la jambo walilolijua: mchango wa kujenga shule na mengine ya wote. Baada ya kulitaja jina, hawakuwa tena watu waliowekwa mbele ya fumbo la mgeni, bali watu waliokumbushwa wajibu walioufahamu, na wakatoa kama watu wa harambee.

Wengi wamelitaja jambo hilo kama kisa cha kupendeza tu. Kwa hakika ndilo tokeo lenyewe. Halionyeshi tu kwamba Waorma ni wakarimu kwa kiasi fulani. Laonyesha kwamba hawakuweza kucheza mpaka wamejua huo ni mchezo gani, na kwamba walilipata jibu katika msamiati wao. Kule New Guinea, Waau na Wagnau walipopewa zaidi ya nusu mara nyingine walikataa, na wachunguzi walikumbuka kwamba huko zawadi kubwa humfunga mpokeaji kwa deni asilolitaka. Nao Wahadza, ambao hugawana nyama kila siku, walitoa kidogo. Lakini nyama ya Wahadza hugawanywa kwa sababu wenzi wanaiona na kuidai. Fedha iliyowekwa mkononi mwa mtu faraghani haina mdai. Katika kila mfano, watu waliuliza kimoyomoyo, "Hiki ni kitu gani?" kabla ya kuuliza, "Nipate kiasi gani?"

Ushahidi wa aina nyingine watoka mbali na kwetu, na kwa hiyo wasaidia kuonyesha kwamba jambo hili si la jamii ndogo peke yake. Mwaka 2004 Varda Liberman, Steven Samuels na Lee Ross walitoa habari za majaribio waliyowafanyia wanafunzi wa Marekani na marubani wa Israeli. Wote walicheza mchezo wa namna ya wafungwa wawili, kwa kanuni zilezile na malipo yaleyale. Ila baadhi waliambiwa kwamba jina la mchezo ni la mtaa wa mabenki wa New York, na wengine waliambiwa kwamba ni mchezo wa jumuiya. Walioambiwa jina la jumuiya walishirikiana takriban maradufu ya wale wengine. Hakuna malipo yaliyobadilishwa hata senti moja. Kilichobadilika ni jina.

Sasa na tuufikirie mchezo wa mfuko wa wote ukiletwa Mkange, na mchunguzi akitafuta neno la kuutangazia. Kiswahili hakimpi neno moja, champa mengi, na kila moja lina sheria zake. Akisema "mchango", watu watatazamia daftari, kamati, na majina yatakayosomwa hadharani. Mchango wa harusi au wa msiba hutolewa na mtu mwenye jina, na asiyetoa hukumbukwa. Akisema "upatu", watauliza zamu ni ya nani na kijumbe ni nani, na kila mtu atatoa sawasawa, kwani katika upatu kutoa zaidi ni upuzi na kutoa pungufu ni wizi. Akisema "msaragambo" au "ujima", watafikiri juu ya jembe na siku ya kazi, wala si juu ya fedha. Akisema "bia" au "ubia", watauliza faida itagawanywaje. Akisema "kikoa", wazee watakumbuka chakula kilichopikwa kwa zamu na kuliwa pamoja. Na akisema "sadaka", mkono wa kulia utatoa pasipo wa kushoto kujua.

Hapo ndipo lilipo tatizo ambalo hesabu haiwezi kuliona. Katika majaribio haya mchunguzi huwaficha watoaji, ili aibu na sifa zisiharibu kipimo. Kila mtu hutoa peke yake, na wenziwe hawaambiwi ametoa nini. Nia yake ni njema. Lakini katika Kiswahili utoaji ambao mtoaji wake hajulikani si mchango tena. Una jina lingine, na jina hilo ni sadaka. Basi mchunguzi aliyekuja kupima mchango, akauondolea macho ya watu ili aupate ukiwa safi, amepima sadaka, kisha akaandika katika ripoti yake kwamba huo ndio ushirika wa wanakijiji. Aibu na sifa si uchafu ulioingia katika mchango kutoka nje. Ndiyo yaufanyayo kuwa mchango.

Hata ule mchezo wa kugawana fedha kati ya wawili hauepuki swali hilo. Fedha iliyotoka kwa mgeni, ambayo hakuna aliyeitolea jasho, ina cheo chake katika mawazo ya watu: ni cha kuokota. Na kitu kilichookotwa mbele ya mwenzi mara nyingi hugawanywa pasu kwa pasu, si kwa sababu waokotaji ni watu wa haki katika mambo yote, bali kwa sababu ndiyo kanuni ya kitu cha namna hiyo. Mtu yuleyule aweza kupigania senti katika mauzo ya ufuta wake, na asionekane kigeugeu hata kidogo. Mtaalamu atakayeyachukua matokeo ya kitu cha kuokota akayafanya kipimo cha haki katika biashara, amechanganya majina mawili.

Kosa hilohilo laonekana pia mahali ambapo nadharia ya michezo imetumiwa kuchunguza lugha yenyewe. Carol Myers-Scotton, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kilichotegemea sana mazungumzo ya Nairobi, alionyesha jinsi wasemaji wanavyochanganya Kiswahili, Kiingereza na lugha za nyumbani huku wakipima haki na wajibu ambazo kila lugha huleta katika mazungumzo. Kazi hiyo ni miongoni mwa zilizo bora, kwa sababu yaanza na maneno yaliyosemwa kweli. David Laitin naye, katika kitabu chake cha mwaka 1992 juu ya lugha na ujenzi wa dola katika Afrika, na katika makala yake ya mwaka 1993, alizitazama siasa za lugha kama mchezo: mzazi aweza kuiunga mkono lugha ya taifa hadharani, na wakati uo huo akamtafutia mwanawe shule ya lugha ya kigeni, na wazazi wote wakifanya hivyo sera huanguka ingawa kila mmoja aliisifu.

Msomaji wa Tanzania ataitambua hali hiyo. Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumiwa kufundishia katika shule za sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilikifungulia tena Kiswahili mlango, na shule za Kiingereza zikaendelea kujaa. Ni rahisi kusema kwamba hilo ndilo fumbo la wafungwa wawili. Lakini yafaa kusikiliza kwanza maneno ya mzazi. Asemapo kwamba ataka mwanawe "asome Kiingereza", neno hilo lina maana mbili: asome ile lugha ya Kiingereza, au asome masomo yote kwa Kiingereza. Katika mazungumzo ya kila siku tofauti hiyo hupotea, na nadharia yaipoteza kabisa, kwani humwandikia mzazi hatua mbili tu za kuchagua. Maana hizo zikitenganishwa, fumbo lafunguka kwa sehemu kubwa, kwa sababu mtoto aweza kufundishwa hesabu na sayansi kwa Kiswahili na kufundishwa Kiingereza vizuri kama somo. Wafungwa hawakuwa wamefungwa na malipo, bali na neno lenye maana mbili ambalo hakuna aliyewaomba walieleze.

Kama jambo hili lingekuwa la vitabu tu, lingeweza kuachwa kwa wanafunzi. Lakini majina ya michezo huenda mbali. Mwaka 1968 Garrett Hardin aliandika kwamba malisho ya shirika huangamia bila shaka, kwa kuwa kila mfugaji ataongeza ng'ombe mmoja, na faida ya ng'ombe huyo ni yake peke yake hali hasara ni ya wote. Hicho nacho ni kisa cha wafungwa, ila wamekuwa wengi na wamepewa ng'ombe. Na wafugaji wa Hardin, kama wafungwa wa Tucker, hawasemezani hata siku moja. Kwa kisa hicho watu wengi waliamini kwamba ziko dawa mbili tu, ama ardhi ichukuliwe na serikali ama igawanywe kwa wenye mali. Elinor Ostrom alitumia nadharia hiyohiyo ya michezo kulipinga jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1990, akaonyesha kwa mifano ya Uswisi, Japani, Hispania na Ufilipino kwamba watu wamelinda malisho, misitu na maji ya shirika kwa karne nyingi kwa kanuni walizojitungia. Katika majaribio aliyoyafanya pamoja na wenziwe, na kuyatolea habari mwaka 1992, watu walioruhusiwa kuzungumza walishirikiana zaidi ya wale walionyamazishwa, hata pale ambapo hapakuwa na adhabu. Maneno rahisi yalikuwa na uzito. Mwaka 2009 alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi.

Kwa watu wa Mkange hayo si hadithi ya mbali. Upande wa pwani iko Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyopata cheo hicho mwaka 2005. Wilaya hiyo ya wakulima imepokea kwa miaka mingi wafugaji waliokuja na makundi yao kutoka bara, na ardhi haiongezeki. Mtaalamu atakayefika hapo na kisa cha Hardin ataona mchezo wa wakulima na wafugaji, ambao faida ya mmoja ni hasara ya mwingine, kama bao. Naye atapendekeza mipaka na uzio. Lakini akiuliza wenyewe wanayaitaje mahusiano yao, atasikia maneno mengine: mgeni na mwenyeji, kuomba mahali, kupiga hodi, kulipa fidia ya mazao, kuvunja ahadi, na, kati ya makabila ya pwani yenyewe, utani, ambao humruhusu mtu kutamka lawama kali pasipo kuvunja udugu. Hakuna neno hata moja katika hayo lililo la bao. Yote ni ya baraza. Hii haina maana kwamba hakuna ugomvi. Mazao huliwa kweli, na watu huumia. Maana yake ni kwamba ugomvi wenyewe una kanuni za kusemwa, na mtu azijuaye kanuni hizo ana nafasi ya kuuzuia.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, iliyatambua mambo hayo kwa kiasi fulani. Iliweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri na mkutano mkuu wa kijiji, ikaanzisha Baraza la Ardhi la Kijiji lenye watu saba, watatu kati yao wanawake, na kazi ya baraza hilo ni kupatanisha. Basi shauri la ardhi likitajwa kuwa mchezo wa bao, litakwenda kwa mpimaji wa mipaka. Likitajwa kuwa shauri la mgeni na mwenyeji, litakwenda barazani. Jina ndilo liamualo njia. Na ajabu ni kwamba mara nyingi anayelichagua jina hilo ni mtu asiyelima wala kufuga huko.

Wilaya ya Bagamoyo yenyewe ilikwisha kutoa mfano wa njia nyingine. Katika miaka ya 1970 mradi wa Jipemoyo, ulioshirikisha watafiti wa Tanzania na wa Ufini na kuongozwa na Marja-Liisa Swantz, ulifanya uchunguzi katika sehemu ya magharibi ya wilaya hiyo kwa kukaa na wanakijiji, kufanya mikutano nao, na kuyajadili matokeo pamoja nao. Njia hiyo ilikuwa na udhaifu wake, kwani haikutoa tarakimu za kulinganisha kijiji na kijiji, na mkutano wa hadhara una wakubwa wake wasemao sana na wadogo wake wanyamazao. Nadharia ya michezo ina nguvu palepale Jipemoyo ilipokuwa dhaifu, na Jipemoyo ilikuwa na nguvu palepale nadharia ya michezo ilipo dhaifu. Ni hasara kwamba hazikupata kukutana.

Zingekutana, mambo matatu yangefaa kuwa sharti. Kwanza, maneno yenyewe waliyoambiwa wachezaji yachapishwe katika lugha waliyoambiwa, Kiswahili kwa Kiswahili na Kiorma kwa Kiorma. Maana aghalabu ripoti humpa msomaji maagizo ya Kiingereza, na kwa hiyo humpa mchezo ambao hakuna aliyeucheza. Pili, wachezaji waulizwe baada ya kucheza, "Huu ni mchezo gani?", na majibu yao yawekwe katika majedwali pamoja na fedha walizotoa, wala yasiwekwe pembeni kama visa vya kuchekesha. Tatu, kila mchezo uchezwe mara mbili, mara moja kwa kimya na mara moja kwa mazungumzo, ili ijulikane lugha imefanya kazi gani.

Masharti hayo yangeongeza gharama na kupunguza wepesi wa kulinganisha nchi na nchi, na wako watakaosema kwamba ulinganisho ndio faida ya nadharia nzima. Lakini mambo yanayolinganishwa sharti yawe ya jinsi moja. Mchango wa mahali pamoja ukilinganishwa na sadaka ya mahali pengine, tarakimu zitakuwa sahihi na hukumu itakuwa ya uongo. Wako wataalamu wa Kiswahili waliozoea kudhani kwamba hesabu za namna hii si shauri lao. Ni shauri lao, na pengine ni lao kwanza, kwa sababu kazi ya kutenga mchango na sadaka, na kusoma Kiingereza na kusoma kwa Kiingereza, haiwezi kufanywa na mtu asiyeijua lugha; na huko Mkange, ambako ardhi yagawanywa kwa majina, kazi hiyo isipofanywa mapema itafanywa na mpimaji wa mipaka.